KURA MOJA YA CHAKE CHAKE

Siku ya uchaguzi huenda umewahi kumsikia mtu akisema, "Niende kufanya nini? Kura yangu ni moja tu. Tena hapa kwetu chama kinachoshinda kinajulikana." Hebu tuyapime maneno hayo kwa mambo yaliyotokea Unguja na Pemba mwaka 1961 na mwaka 1963.

Wakati huo Zanzibar ilikuwa bado chini ya Waingereza, na Sultani alikuwapo. Vyama vikubwa vilikuwa vitatu: Afro-Shirazi Party, yaani ASP, Zanzibar Nationalist Party, yaani ZNP, ambacho wengi walikiita Hizbu, na Zanzibar and Pemba People's Party, yaani ZPPP.

Kila mahali palikuwa na chama kilichopendwa zaidi. Sababu moja kubwa ilikuwa ardhi. Unguja watu wengi waliishi na kulima katika mashamba ya matajiri, na wengine walikuwa vibarua mjini. Wengi wao waliipenda ASP. Pemba wakulima wengi walikuwa na mikarafuu yao wenyewe, na walizoea kuoana na majirani zao Waarabu. Huko ZNP na ZPPP zilikuwa na nguvu. Lakini usidhani kwamba kila Mpemba alikuwa upande mmoja. La, wafuasi wa ASP walikuwa wengi huko pia. Siasa iliwatenganisha majirani. Watu waligomeana. Waliacha kununua katika duka la mtu wa chama kingine, waliacha kupanda basi lake, na wengine waliacha hata kuzikana.

Januari 1961 watu walipiga kura. Viti vilikuwa 22. Huko Chake Chake, kisiwani Pemba, ASP ilishinda kwa kura moja tu. Matokeo ya visiwa vyote yalikuwa hivi: ASP viti 10, ZNP viti 9, ZPPP viti 3. Kisha wale watatu wa ZPPP wakagawanyika. Wawili walikwenda upande wa ZNP, mmoja alikwenda upande wa ASP. Jumlisha sasa. Utapata 11 kwa 11. Hapakuwa na upande wenye viti vya kutosha kuongoza serikali. Ikabidi uchaguzi urudiwe mwezi Juni.

Fikiri kidogo. Mpiga kura mmoja wa ASP kule Chake Chake angebadili nia yake na kuwapa ZNP, wao ndio wangeshinda kwa kura moja. Viti vingekuwa 12 kwa 10, na serikali ingepatikana.

Uchaguzi wa Juni ulikuwa mbaya. Ghasia zilizuka Unguja siku ya kupiga kura, na watu 68 waliuawa. Hatuwezi kusema kwamba kura ile moja ndiyo iliyowaua, kwa sababu chuki ilikuwapo tangu zamani. Hata hivyo, uchaguzi huo wa pili ulifanywa kwa sababu ya ile sare. ZNP na ZPPP zilipata viti 13 kwa pamoja, ASP ikapata 10.

Sasa tuutazame uchaguzi wa Julai 1963. Safari hii karibu watu wote walioandikishwa walipiga kura. ASP ilipata kura 87,085. ZNP na ZPPP, ambazo zilikuwa zimeungana, zilipata kura 73,559 kwa pamoja. Nani alishinda? Utasema ni ASP. Lakini viti vilikuwa 31, na ASP ilipata 13 tu. Wenzao walipata 18, wakaunda serikali.

Ilikuwaje? Chukua daftari lako ufanye hesabu hii. Tuseme kuna majimbo matatu, na kila jimbo lina wapiga kura 100. Vyama ni viwili, tuviite Mnazi na Mwembe. Jimbo la kwanza, Mnazi 90, Mwembe 10. Jimbo la pili, Mnazi 45, Mwembe 55. Jimbo la tatu, Mnazi 45, Mwembe 55. Mnazi wana kura 180, Mwembe wana 120. Lakini Mnazi wana kiti kimoja, na Mwembe wana viti viwili! Kura nyingi za Mnazi zimerundikana mahali pamoja. Pale kura 51 zingetosha kupata kiti. Zile 39 zilizozidi haziwezi kuhamishwa kwenda jimbo jingine.

Ndivyo ilivyokuwa kwa ASP. Kura zake zilijaa katika mashamba ya Unguja, ambako iliwashinda wenzake kwa mbali sana. Kule Pemba ilipata kura nyingi pia, lakini katika majimbo mengi ilishindwa.

Serikali ile ilipokea Uhuru tarehe 10 Desemba 1963. Watu wengi walioipigia kura ASP waliona kwamba wamenyimwa haki yao. Tarehe 12 Januari 1964, kabla ya kutimia siku 40, serikali hiyo ilipinduliwa.