Kamba Fupi Huzamisha Mtumbwi

Juma hili nataka tuzungumze juu ya kufunga mtumbwi. Najua utacheka. Utasema, sisi tuko Dodoma, nchi ya vumbi na zabibu, mtumbwi wa nini? Lakini perege uliyemnunua sokoni kwa kitoweo cha jioni huenda ametoka bwawa la Mtera, mpakani mwa mikoa ya Dodoma na Iringa. Aliyemvua alirudi ufukoni akafunga chombo chake kwa kamba. Kama alifunga vibaya, kesho yake hana kazi.

Watu wa pwani wamelelewa na bahari inayojaa na kupwa mara mbili kila siku. Dar es Salaam, wakati wa bamvua, tofauti ya maji hupita mita 3. Kwa hiyo baharia hajiulizi maji yako wapi sasa, bali yatakuwa wapi baada ya saa sita. Mtera hakuna bamvua, na hapo ndipo mtu hudanganyika akadhani maji yametulia.

Hayajatulia. Bwawa lile lilijengwa kuhifadhi maji ya mto Ruaha Mkuu na mto Kisigo kwa ajili ya umeme wa Kidatu, na tangu 1988 Mtera yenyewe ina mitambo ya megawati 80. Likijaa, maji husimama mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Usawa wa chini wa kuendeshea mitambo ni mita 690. Hiyo ni tofauti ya mita 8 na nusu, na mahali penye ufuko tambarare maji yakishuka kidogo tu ukingo husogea mbali sana.

Sasa mtazame mvuvi aliyekaza kamba fupi. Masika maji yakipanda, kamba huvuta omo chini, mawimbi yanaingia, mtumbwi unazama ukiwa umefungwa. Kiangazi maji yakishuka, mtumbwi hubaki kwenye tope, au hukalia kisiki na kutoboka. Mtera ina miti mingi iliyokufa ikiwa imesimama majini, na wengine hufunga humo kwa sababu iko karibu. Lakini mti uliooza humwacha mwenye chombo na kamba mkononi.

Hivyo basi, tafuta kigingi imara nchi kavu, mbali kidogo na maji. Zungusha kamba mara mbili kamili kwenye kigingi kabla ya kupiga fundo. Mizunguko hiyo ndiyo inayobeba mvuto kwa msuguano wake. Fundo kazi yake ni kulinda mizunguko isifunguke. Ndiyo maana hata upepo ukivuta sana, utaweza kufungua bila kukata kamba kwa kisu. Malizia kwa mafundo mawili ya nusu. Kama kamba ni ya nailoni, ongeza la tatu, kwa maana nailoni huteleza. Ya katani hushika vizuri, lakini huoza ikikaa majini, basi ikague kila mara.

Acha urefu wa kutosha chombo kipande na kushuka. Kisha shusha nanga, hata kama ni jiwe, upande wa tezi, ili upepo usikizungushe na kukigonganisha na jirani. Na usifunge ukasahau: rudi kila siku ulegeze au ufupishe kamba kulingana na maji.

Haya si mambo madogo. Mtumbwi ukichukuliwa na upepo, hasara ya kwanza ni chombo. Hasara ya pili, iliyo kubwa zaidi, ni mwenyewe kujitupa majini kuufuata, na Mtera ina mamba na viboko. Mtumbwi hununuliwa tena, hata kwa kukopa. Mtu hanunuliwi.

Wengi wetu tunadhani kufunga ni kukaza. Mvuvi mzoefu hukaza kwenye kigingi, akaacha nafasi katikati, kwa sababu anajua maji hayamngojei. Basi jioni ya leo ukimkaanga perege wako, mkumbuke huyo aliyetoka kitandani usiku wa manane, upepo ulipoanza kuvuma, kwenda kutazama kamba yake.