Kabla ya Kumtuhumu Mweka Hazina, Soma Fomula

Mjini Isiolo, kina mama hukusanya maziwa ya ngamia na kuyapakia kwenye basi kwenda Eastleigh, Nairobi. Kundi moja lilinionyesha hesabu zake za siku kwenye Excel. Madumu yalipimwa lita 180, kompyuta ikasema 160. Macho yote yakamgeukia mweka hazina, maskini ya Mungu.

Kosa lilikuwa kwenye fomula iliyoandikwa kando, seli ya D2: =SUM(B2:B21). Zile nukta mbili maana yake ni "kuanzia hapa mpaka pale". Wanachama wanne wapya waliandikwa chini, B22 hadi B25, na lita zao 20 zikaachwa nje. Tulipoandika =SUM(B2:B25), hesabu ikatimia.

Ndugu msomaji, shika mambo matatu. Kwanza, ukiongeza jina chini ya orodha, hakikisha fomula imelifikia. Pili, kwenye seli andika 8, si "lita 8". Ukitia maneno, SUM huiruka seli hiyo bila kukuambia. Tatu, weka pembeni =COUNT(B2:B25), inayohesabu seli zenye namba. Ikitoa 23, ilhali wote 24 wameleta maziwa, basi kuna mmoja amerukwa.

Mali ya chama ni amana, na heshima ya mtu pia ni amana. Jumla isipolingana, bofya kwanza ile seli, usome fomula inaanzia wapi na kuishia wapi. Kisha ndipo mzungumze.