Faharasa ya Utafutaji: Seva Moja au Kundi la Seva?

Anayetafuta neno katika tovuti ya gazeti au maktaba hupata jibu kufumba na kufumbua, kwa sababu seva ya utafutaji haisomi nyaraka zote upya. Hutazama faharasa iliyokwisha kuandaliwa, inayoonyesha kila neno limo katika nyaraka zipi. Apache Solr ni mojawapo ya programu zinazofanya kazi hiyo. Yonik Seeley aliianzisha mwaka 2004 katika kampuni ya CNET, na mwaka 2006 ikakabidhiwa Apache Software Foundation. Faharasa zake huweza kuundwa kwenye seva inayojitegemea au kwenye kundi la seva zinazoshirikiana. Wengi huvutiwa na kundi kwa sababu ya ukubwa wake. Naamini taasisi ndogo, mara nyingi, ingefaa kuanza na seva moja.

Kwenye seva inayojitegemea, faharasa ni folda moja katika diski, pamoja na faili za mipangilio zinazotaja sehemu za kila waraka, kama kichwa, mwandishi na tarehe. Amri moja huiunda, na fundi akitaka kubadili mpangilio hufungua faili palepale. Katika kundi, utaratibu ulioingia na toleo la 4.0 mwaka 2012, faharasa hugawanywa vipande, na kila kipande huweza kuwa na nakala katika seva kadhaa. Mipangilio nayo hutunzwa na programu nyingine, ZooKeeper, ambayo hufanya kazi pale tu zaidi ya nusu ya seva zake zikiwa hai. Ndiyo maana hushauriwa ziwe 3 au zaidi: zikiwa 2 na moja ikazima, huduma hiyo husimama. Mashine hizo zote zinahitaji umeme, mtandao na mtu wa kuziangalia.

Wapo watakaosema kwamba data itaongezeka. Ni kweli, lakini faharasa moja ya Lucene, ambayo ndiyo msingi wa Solr, huweza kubeba nyaraka zaidi ya bilioni 2. Kumbukumbu ya mashine itaelemewa kabla ya idadi hiyo kufikiwa, ila maktaba yenye nyaraka laki chache haijakaribia huko. Siku ya kuhamia kwenye kundi ikifika, faharasa hujengwa upya kutoka kwenye hifadhidata, mradi data asilia imetunzwa. Hoja nzito zaidi ni kwamba seva moja ikifa, utafutaji nao hufa. Seva ya pili inaweza kunakili faharasa ya kwanza na kuendelea kujibu maswali, lakini haichukui yenyewe kazi ya kupokea nyaraka mpya. Kwenye kundi, nakala nyingine huteuliwa kuongoza bila kumsubiri fundi. Kwa huduma isiyoruhusiwa kusimama hata kidogo, gharama ya kundi ni halali.

Basi kabla ya kuunda faharasa, pima nyaraka zako halisi kwenye mashine moja, kisha jiulize huduma yako inaweza kusimama kwa muda gani bila kumdhuru mtumiaji. Majibu hayo mawili ndiyo yaamue.