Vazi la Kuogelea la Mwanamke na Kipimo Kisichoandikwa Kwenye Lebo

Vazi la kuogelea la mazoezi ni miongoni mwa mavazi machache yanayoshonwa yakiwa madogo kuliko mwili utakaoyavaa, kwa kuwa kitambaa chake hulegea kikilowana, na kisipoubana mwili tangu kikiwa kikavu, hufunguka kifuani mara mwogeleaji anapojisukuma ukutani, maji yakaingia ndani na kulijaza. Maji ni mazito takriban mara 800 kuliko hewa ya ujazo uleule, na ukinzani wake, yaani nguvu inayomrudisha nyuma mwogeleaji, huongezeka kwa mraba wa mwendo: anayekwenda kasi maradufu hukutana na ukinzani ulio mara nne.

Uwezo wa kubana bila kuzuia pumzi hutokana na spandeksi, uzi wa kutengenezwa unaovutika mara kadhaa ya urefu wake na kurejea, ambao mwanakemia Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont nchini Marekani aliuvumbua mwaka 1958. Adui wa uzi huo ni klorini, dawa ya kuua vijidudu katika mabwawa, ambayo huzikata taratibu tungo za molekuli zake hadi nguo ikapoteza uwezo wa kuvutika ingali na rangi yake. Mchanganyiko wa nailoni na spandeksi ni laini na huukaa mwili vizuri siku ya kwanza, lakini anayeingia bwawani mara tatu kwa wiki hufaidika zaidi na poliesta, hasa ile iliyofumwa kwa nyuzi za aina ya PBT, ambazo huvutika kwa umbo lao lenyewe na kuihimili klorini kwa muda mrefu, ijapokuwa ni ngumu kidogo mwilini.

Kosa la kawaida ni kuchagua kwa saizi ya gauni. Kifua na nyonga hupimwa, lakini kipimo kinachoamua zaidi, nacho ni nadra kuandikwa kwenye lebo, ni mzingo wa kiwiliwili: futi kamba ya fundi cherehani huanzia juu ya bega, ikashuka kifuani, ikapita katikati ya miguu na kupanda mgongoni hadi pale ilipoanzia. Wanawake wawili wenye kifua na nyonga sawa huweza kutofautiana sana katika mzingo huu, na ndiyo maana vazi moja humkata mmoja mabegani na kumwachia mwingine mfuko wa kitambaa kiunoni. Vazi lijaribiwe kwa mwendo, wala si kwa kusimama mbele ya kioo: mikono izungushwe kama anayeogelea, mwili uinamishwe, magoti yakunjwe, na baada ya hayo kanda zibaki mahali pake bila kuacha mfereji kwenye ngozi. Mgongo ulio wazi, wenye kanda zinazokutana katikati, huyapa mabega nafasi ya kuzunguka.

Katika Mlali, wilayani Kongwa, kwenye uwanda mkavu wa Dodoma ambao hupata msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka, anayetaka mazoezi ya kudumu hana budi kutazamia mabwawa ya jijini, na vazi lenyewe huenda likapatikana kwenye rundo la mitumba. Hapo bei si hoja kubwa kuliko uhai wa uzi. Kitambaa kivutwe kwa vidole gumba vyote viwili na kuelekezwa kwenye mwanga: kikionyesha nywele nyeupe fupi zinazochomoza katikati ya mfumo, hizo ni ncha za spandeksi iliyokatika, na kikiachiwa kikabaki na mawimbi, kimekwisha kufa. Makalio ya vazi huchakaa kwanza, kwa kusuguana na kingo za bwawa, hivyo huko ndiko kwa kukagua kabla ya kusifia rangi.

Kubana hakumaanishi kuacha mwili wazi. Huko Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa burkini, vazi refu lililobuniwa mwaka 2004 na Aheda Zanetti wa Australia. Kanuni ya ukinzani inahusika huko pia: mikono na miguu ya vazi iukaribie mwili, na kanzu fupi ya juu ishikizwe kwenye suruali kwa kamba ili isipande kichwani. Mavazi ya mashindano ni habari nyingine kabisa. Mwaka 2009, mjini Roma, rekodi 43 za dunia zilivunjwa katika mashindano ya dunia yaliyotawaliwa na mavazi ya poliuretani, yaani plastiki laini isiyopitisha maji, na kuanzia Januari 2010 shirikisho la kimataifa la kuogelea likayapiga marufuku, likaruhusu kitambaa tu, na kwa wanawake kisivuke mabega wala kushuka chini ya magoti. Kumnunulia anayeanza vazi la namna hiyo ni kupoteza fedha.

Baada ya mazoezi vazi lisuuzwe papo hapo kwa maji safi, likamuliwe kwa kubonyezwa bila kusokotwa, kisha lianikwe kivulini, kwa kuwa jua kali la Dodoma huumaliza uzi upesi. Mwenye kuogelea siku zinazofuatana anafaa kuwa na mavazi mawili ya kupokezana, ili kila moja lipate muda wa kukauka kabisa na kurudia kipimo chake.