Huduma za mtandao hazina toleo la mwisho, mkulima soma menyu

MKULIMA wa Lupiro anaponunua mbegu ya mpunga ya TXD 306, maarufu kama SARO 5, ananunua kitu kilichokamilika. Mfuko ukishatoka dukani, hakuna mtafiti atakayeibadilisha mbegu hiyo usiku ikiwa ghalani.

Programu za kompyuta nazo zamani zilikuwa hivyo. Mtu alinunua sidii, akaiingiza kwenye kompyuta na kuitumia miaka kadhaa hadi toleo jipya litoke. Intaneti imebadili utaratibu huo. Sasa programu nyingi zinakaa kwenye mitambo ya kampuni, nawe unazifikia kwa mtandao tu. Mwenye programu akirekebisha kitu huko kwake, wateja wote wanaamka na mabadiliko.

Mfano unaojulikana ni Gmail, huduma ya barua pepe ya Google. Ilianza Aprili 1, 2004 ikiwa na alama ya toleo la majaribio, na alama hiyo iliondolewa Julai 2009, wakati mamilioni ya watu walikwishaizoea. Hata baada ya hapo mabadiliko hayakukoma.

Je, haya yanamhusu mkulima asiyekuwa na kompyuta? Yanamhusu, kwa sababu siku hizi fedha za mpunga hupita kwenye mitambo ya namna hiyo. Mnunuzi wa Ifakara halazimiki tena kuvuka Daraja la Magufuli na noti mfukoni ili amlipe mkulima wa Lupiro.

M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, kazi yake kubwa ilikuwa kutuma na kupokea fedha. Mwaka 2014 ikaongezwa M-Pawa, ya akiba na mikopo. Mwaka 2016 ikaunganishwa na huduma za mitandao mingine. Mteja hakulazimika kununua simu mpya.

Gharama nazo hubadilika hivyo hivyo. Tozo ya Serikali kwenye miamala ya simu iliingia Julai 2021, ikapunguzwa Septemba mwaka huo huo, na mwaka 2022 ikapunguzwa tena. Hata majina hubadilika: mwaka 2024 Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas.

Faida ni kwamba kasoro hurekebishwa haraka na huduma huongezeka. Hatari ipo kwa anayebonyeza tarakimu kwa kukariri, kwani mpangilio wa menyu ukibadilika anaweza kupeleka fedha kusikotakiwa. Matapeli nao hujificha humo humo. Hupiga simu wakidai wanaboresha akaunti yako, kisha wanakuomba namba ya siri.

Mfanyabiashara afanye nini? Kwanza, soma kila hatua, na hakikisha jina la mpokeaji kabla ya kuweka namba ya siri. Pili, ulizia makato ya siku hiyo kabla ya kupatana bei ya gunia, na mkubaliane nani atayalipa. Tatu, andika kwenye daftari tarehe, kiasi na namba ya muamala, maana simu inaweza kupotea.

Mwisho, kumbuka kuwa maboresho ya kweli hufanyika kwenye mitambo ya kampuni bila kuhitaji namba yako ya siri. Anayekuomba umtajie ni mwizi. Kata simu, na kama ni ujumbe, utume kwenda 15040.