Hadithi za makauboi na ardhi ya Trans Nzoia

MKAZI wa Webuye, Kaunti ya Bungoma, hahitaji kuelezwa jinsi mti unavyosagwa ukawa rojo, nalo rojo likawa karatasi. Kiwanda cha Pan Paper kilifanya kazi hiyo mjini humo kuanzia miaka ya 1970 hadi kilipofungwa mwaka wa 2009.

Rojo la aina hiyo ndilo lililoyapa jina majarida ya bei nafuu yaliyotamba Marekani katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Karatasi yake ilikuwa hafifu na iligeuka manjano upesi, lakini iliwawezesha vibarua na vijana kusoma hadithi fupi za makauboi kwa senti chache. Miongoni mwa majarida hayo, Western Story Magazine lilianza 1919 na kukoma 1949.

Waandishi walilipwa kwa idadi ya maneno, hivyo waliandika kwa kasi. Frederick Faust, maarufu kwa jina Max Brand, alitumia majina mengi ya kubuni, hata kazi zake kadhaa zikatokea katika toleo moja.

Muundo haukubadilika sana. Mgeni huwasili akiwa amepanda farasi, mifugo imeibwa ama shamba linagombaniwa, kisha bastola huamua. Mwenyeji wa asili, aliyeitwa Mhindi Mwekundu, mara nyingi alikuwa adui tu, asiye na dai lolote la haki.

Hapo ndipo msomaji wa Kitale anapofaa kutua na kutafakari. Kuanzia 1919, serikali ya kikoloni iliwagawia askari Wazungu waliotoka vitani mashamba, Trans Nzoia ikiwemo. Reli ilifika Kitale 1926. Wabukusu, ambao ngome yao ya Chetambe karibu na Webuye ilitekwa na Waingereza 1895, waliingia katika mashamba hayo kama maskwota na vibarua. Mnamo 1948 polisi waliwaua kwa risasi wafuasi wa Dini ya Msambwa, iliyoongozwa na Elijah Masinde, huko Malakisi.

Lau mkasa huo ungesimuliwa katika majarida yale, mlowezi angekuwa shujaa naye Masinde mhalifu. Waandishi chipukizi wa Kitale na Bungoma wanaweza kuusimulia kwa jicho la maskwota, ila wafanye hima: wazee walioshuhudia enzi hiyo wanazidi kupungua.