Nani Zaidi? Rekodi za Mito, Mabwawa na Bahari Zinazogombaniwa

Kwenye ligi hii wachezaji ni nchi nzima nzima, na kila moja inadai imeonewa. Ili msomaji asipotee kwenye tarakimu, tumechukua vipimo vitatu vya nyumbani: jengo la KICC la Nairobi, lenye kimo cha mita 105, Uwanja wa Benjamin Mkapa, unaobeba mashabiki 60,000, na Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye megawati 2,115. Filimbi imepulizwa.

1. Umeme mwingi kuliko wote: Three Gorges, China, megawati 22,500

Chukua Bwawa la Nyerere na mashine zake zote tisa, lizidishe mara kumi. Bado hujalifikia! Three Gorges, kwenye mto Yangtze, lina mashine kubwa 32 za megawati 700 kila moja. Washa tatu tu na unakuwa umeikaribia Nyerere nzima. Pengo ni megawati 15. Watu waliohamishwa kupisha maji ni zaidi ya milioni 1.2, yaani Uwanja wa Mkapa ukijazwa na kumwagwa mara ishirini.

Lakini Yangtze huanzia na kuishia ndani ya China, kwa hiyo hakuna jirani wa kulalamika. Mrithi wake ndiye mwenye kesi. Julai 2025 Waziri Mkuu Li Qiang alizindua ujenzi wa mabwawa ya mto Yarlung Tsangpo, Tibet, yanayokadiriwa kufikia megawati 60,000. Hizo ni Nyerere ishirini na nane! Mto huohuo ukishuka unaingia India kwa jina la Brahmaputra, kisha Bangladesh. Huko chini watu wameshaanza kupiga hesabu zao.

2. Bingwa wa Afrika: GERD, Ethiopia, megawati 5,150

Bwawa hili la Naili ya Buluu lilianza kujengwa Aprili 2011 chini ya Waziri Mkuu Meles Zenawi, likazinduliwa rasmi Septemba 9, 2025. Ukuta wake unaipita KICC kwa mita 40. Urefu wake, kilomita 1.78, ni zaidi ya mara mbili na nusu ya Daraja la Kigamboni. Na bwawa hili halikungoja wafadhili: Waethiopia wenyewe, kuanzia wafanyakazi wa serikali hadi walioko ughaibuni, walinunua hati fungani na kuchangia. Kwa umeme, linazichapa Nyerere na Aswan ya Misri zikiungana na bado linabaki na akiba.

Namba inayoinyima Misri usingizi, hata hivyo, haihusu umeme. Ni ujazo wa bwawa: mita za ujazo bilioni 74. Mkataba wa maji ya Naili wa 1959 kati ya Misri na Sudan uliipa Misri bilioni 55.5 kwa mwaka, na Sudan 18.5. Jumlisha mafungu hayo mawili: bilioni 74, sawasawa kabisa na tangi la GERD! Ethiopia, ambako nyanda zake za juu hutoa takriban asilimia 85 ya maji yanayofika Misri, haikupewa hata tone kwenye mkataba huo. Haikuwa mezani.

Kuanzia Julai 2020, maji yalipoanza kukingwa, kila msimu wa mvua ulikuwa raundi mpya ya mazungumzo. Addis Ababa inasema bwawa la umeme halinywi maji, linayapitisha tu. Cairo inauliza: na ukame ukija miaka mitatu mfululizo, nani atashika koki? Mimi naona wote wawili wana hoja, ndiyo maana mechi haiishi.

Medali ya kejeli nayo inatolewa hapahapa. Misri iliyopigana na bwawa la Ethiopia ndiyo iliyotujengea la Rufiji: kampuni za Arab Contractors na Elsewedy Electric zilisaini mkataba Desemba 2018. Siri ni ramani. Rufiji huzaliwa na kufia Tanzania, na hautii hata ndoo moja kwenye Naili.

3. Ukuta wenye kimo kikubwa Afrika: Gibe III, mita 243

Wengi wangebeti GERD. Wangeliwa! Gibe III, pia la Ethiopia, lililoko kwenye mto Omo, ni KICC mbili zikipandana na mita 33 za ziada. Lina megawati 1,870 na lilizinduliwa Desemba 2016. Omo ndio unaoleta karibu asilimia 90 ya maji ya Ziwa Turkana, ziwa la kudumu la jangwani lililo kubwa kuliko yote duniani, na mwaka 2018 UNESCO iliziingiza hifadhi za ziwa hilo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Wakati huohuo Kenya inanunua umeme wa Ethiopia kupitia nyaya za kilomita 1,045 hadi Suswa: safari ya Nairobi–Mombasa kwenda na kurudi, na chenji inabaki. Mvuvi wa Turkana na mwenye friji Nairobi wanatazama upande ule ule wa mpaka, kila mmoja kwa jicho lake.

4. Tumbo kubwa kuliko yote: Kariba, mita za ujazo bilioni 180

Hakuna ziwa lililochimbwa au kuzuiwa na binadamu linalobeba maji mengi kuliko hili la Zambia na Zimbabwe, kwenye mto Zambezi. Limwagie GERD mbili zilizojaa pomoni. Halijajaa. Ongeza Bwawa la Nyerere juu yake, ndipo maji yatakaribia ukingo. Watonga 57,000 walihamishwa ukuta ulipojengwa miaka ya 1950; wangeujaza Uwanja wa Mkapa, viti 3,000 tu vingebaki wazi.

Tumbo kubwa halina maana kama halishibi. Novemba 2022 mamlaka ya pamoja ya mto Zambezi iliiandikia Zimbabwe izime mitambo ya upande wake, kwa kuwa ilikuwa imemaliza mgawo wake wa maji wa mwaka. Fikiria bili ya pamoja, na mpangaji mmoja keshatumia umeme wa wote. Ukame wa 2024 ukawamaliza wote: Zambia ilikaa gizani saa nyingi kila siku.

5. Ugomvi mkongwe: Lagash dhidi ya Umma, miaka 4,500

Miji hiyo miwili ya Sumeri, katika Iraki ya leo, ilipigania ardhi na mifereji ya maji yapata mwaka 2500 kabla ya Kristo. Mshindi alichonga ushindi wake kwenye jiwe, akaonyesha tai wakiwala maadui. Vipande vya jiwe hilo vipo Louvre, Paris.

Kwa ukanda wetu, kombe ni la Ziwa Nyasa. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa Julai 1, 1890 uliuweka mpaka kwenye ufuko wa upande wa Tanzania. Kwa hesabu ya Malawi, mtoto wa Mbamba Bay akiingia kuogelea amevuka mpaka kabla maji hayajamfika magotini. Tanzania inasema mstari upite katikati. Marais wa nchi hizo, Nyerere na Banda, walitupiana maneno miaka ya 1960, mwaka 2012 utafutaji wa mafuta ukachochea moto upya, na marais wastaafu wakiongozwa na Joaquim Chissano wakaitwa kusuluhisha. Kinachogombaniwa kina kina cha mita 706: zamisha KICC sita zilizopandana, na juu ya antena bado utakuwa na maji ya mita 76.

6. Wenyewe wengi: Danube, nchi 19

Naili hujisifu kwa nchi 11. Bonde la Danube, Ulaya, linagusa 19! Naili, hata hivyo, haukamatiki kwa foleni: mkataba wa ushirikiano wa bonde lake ulifunguliwa kwa sahihi Entebbe Mei 2010 na ukaanza kufanya kazi Oktoba 2024, miaka 14 baadaye, Misri na Sudan zikiwa bado nje. Tanganyika ilikuwa imeshawahi. Mwaka 1962 ilizijulisha Uingereza, Misri na Sudan kwamba mkataba wa kikoloni wa 1929 hauifungi.

Tuzo ya nidhamu inakwenda Rusumo, kwenye mto Kagera. Megawati 80, wenyewe watatu: Tanzania, Rwanda na Burundi, kila mmoja akiondoka na 26 na ushee. GERD ingeimeza Rusumo mara 64. Lakini kwenye orodha hii yote sijaona umeme uliogawanywa kwa kelele chache hivyo.

7. Mkataba mgumu kuvunjika: Indus, 1960

India na Pakistani walitia saini mkataba wa kugawana maji ya mto Indus mjini Karachi, kisha wakapigana vita 1965, 1971 na 1999. Mkataba ukabaki umesimama! Aprili 2025, baada ya shambulio la kigaidi huko Pahalgam, Kashmir, India ilitangaza kuusimamisha.

8. Rekodi iliyovunjwa kwa unyoya: Ziwa Viktoria, sentimita 1

Ziwa hili, ambalo Rwanda mbili zingezama ndani yake na nafasi ikabaki, linapimwa Jinja, Uganda. Mei 1964 kipimo kilisoma mita 13.41, na rekodi ikadumu miaka 56. Mei 2020 kikasoma 13.42. Sentimita moja, na mialo ya wavuvi ikamezwa katika nchi zote tatu! Mwezi mmoja kabla, kisiwa cha majani kinachoelea kilikwenda kuziba mitambo ya bwawa la Jinja, Uganda ikazimika.

Bwawa lenyewe lilifunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1954. Misri ilichangia fedha ukuta uinuliwe, ziwa lote liwe tangi la akiba, na kwa miaka mingi ikaweka mhandisi wake palepale kuangalia kiasi cha maji kinachoachiwa. Kutoka Jinja hadi Cairo ni maelfu ya kilomita. Hakuna mlinzi wa geti aliyewahi kukaa mbali na nyumba yake namna hiyo.

9. Bahari pana, meli mbishi

Pembetatu ya bahari waliyogombea Kenya na Somalia ina zaidi ya kilomita za mraba 100,000, sawa na Unguja sitini. Somalia ilikwenda The Hague mwaka 2014. Oktoba 12, 2021 mahakama ikachora mstari ulioipa Somalia sehemu kubwa, na Kenya ikaukataa.

Uzito wa juu uko Bahari ya China Kusini: kilomita za mraba milioni 3.5, Tanzania tatu na zaidi. Mwaka 2016 jopo la usuluhishi liliipa ushindi Ufilipino, China ikagoma kulitambua. Hapo ndipo ilipo Sierra Madre, meli ya kivita iliyoundwa 1944. Ufilipino iliipandisha mwambani makusudi mwaka 1999 na kuweka askari ndani, iwe kituo. Ina urefu wa uwanja wa mpira, goli hadi goli, na imeoza kwa kutu. Juni 2024, walinzi wa China walipozuia boti za kuipelekea vyakula, baharia mmoja wa Ufilipino alikatika kidole gumba.

10. Ugomvi mkubwa kwenye jiwe dogo: Migingo

Mita za mraba 2,000 hivi. Uwanja mmoja wa mpira unameza Migingo tatu! Kenya na Uganda zilikaribia kushikana mashati mwaka 2009 kwa ajili ya kisiwa hiki cha Ziwa Viktoria, mabati juu ya mabati, na Rais Museveni akasema jiwe ni la Kenya lakini maji ni ya Uganda. Kwenye maji ndiko kuna sangara, na sangara ndio pesa. Sensa ya Kenya ya mwaka huohuo ilihesabu wakazi 131: mabasi mawili ya abiria 65, na mmoja akabaki stendi.